Timu ya wasichana ya sataranji mkoa wa Tanga: kuiunda na kuifikisha mezani

Mechi ya timu katika sataranji (chesi) huchezwa mara nyingi kwenye mbao nne, na pembeni anakaa mchezaji mmoja wa akiba. Ndivyo ilivyo hata kwenye Olimpiadi ya wanawake, mashindano ya sataranji ya timu za mataifa. Kwa hiyo mkoa mzima wa Tanga, wenye halmashauri 11 kuanzia Jiji hadi Kilindi, unahitaji wasichana watano tu. Uchache huo ndio unaowaponza waandaaji. Wanawachukua watano wa shule moja ya mjini wiki mbili kabla ya safari, halafu siku ya kuondoka mmoja hatokei kwa sababu baba yake alisikia habari jana usiku. Ubao mmoja unapotea kabla kete haijasogezwa. Pointi nyingi za timu za shule hupotea nje ya ubao namna hiyo, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kalenda, wazazi, usafiri na kanuni. Unachukulia kwamba unaanza bila kitu na una miezi sita.

Anza na kalenda, uirudie kinyumenyume

Muhula wa kwanza wa shule unaanza Januari na kuishia Juni mwanzoni, wa pili unaanza Julai na kuishia Desemba. Darasa la saba wana mtihani Septemba, kidato cha pili na cha nne Novemba, na mitihani ya mock inaanza kuwasumbua Julai na Agosti. Kidato cha sita wako kwenye mtihani mwezi Mei. Ukiwatafuta wasichana wa mkoa kwa ajili ya kambi mwezi Septemba, mkuu wa shule atakukatalia, na atakuwa sahihi. Nafasi yako ni Januari hadi likizo ya Juni.

Ndani ya nafasi hiyo kuna mambo matatu ya kukwepa. La kwanza ni masika, Machi hadi Mei: barabara ya kupanda Lushoto kutoka Mombo hupata maporomoko, na njia za vumbi za Bumbuli na Kilindi hugeuka tope. Wilaya hizo zimalize mashindano yao ya ndani kabla mvua haijashika. La pili ni Ramadhani, ambayo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2026 inaangukia Februari na Machi. Mazoezi yanaweza kuendelea kwa kuyafupisha na kuyapeleka asubuhi, ila usipange mashindano. La tatu ni UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, ambazo kwa kawaida huwachukua walimu wa michezo katikati ya mwaka. Mwalimu unayemtegemea aende na wasichana wako ndiye huyo huyo anayetakiwa akasimamie netiboli. Ulizia tarehe za michezo hiyo kwa Afisa Michezo kabla hujaandika barua yoyote.

Barua na vibali

Kwa shule, barua inapita kwa mkurugenzi wa halmashauri, ikielekezwa kwa Afisa Elimu wa sekondari au wa msingi. Ikiwa unakusanya halmashauri zaidi ya moja, barua iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa, na nakala kwa Afisa Elimu wa Mkoa na Afisa Michezo wa Mkoa. Itaje idadi ya wasichana, umri, tarehe, mahali pa kulala, majina ya walezi wa kike na nani analipa nauli. Barua isiyotaja mahali pa kulala hurudishwa, na kila ikirudishwa wiki mbili zimekwenda. Kama mnataka klabu iwe na jina lake na akaunti yake benki, sajilini kwa Msajili wa vyama na vilabu vya michezo, ambaye yuko chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Mlango wa kuanzia ni ofisi ya utamaduni na michezo ya wilaya. Wasilianeni pia na chama cha taifa cha sataranji mapema, kwa sababu mashindano ya ngazi ya juu husajili wachezaji kupitia kwake.

Umri katika mashindano ya vijana huhesabiwa kwa tarehe 1 Januari ya mwaka wa mashindano. Msichana wa kundi la chini ya miaka 18 ni yule ambaye hakuwa ametimiza 18 kufikia siku hiyo, hata kama atatimiza Februari. Kusanya nakala za vyeti vya kuzaliwa tangu mwezi wa kwanza. Asiye na cheti anahitaji muda wa kukifuatilia, na huo muda Juni haupo.

Wazazi, na swali la kamari

Katika baraza nyingi za Ngamiani, Pangani au Muheza mchezo wa ubao ni bao au drafti, na wanaoucheza ni wanaume. Mzazi akiambiwa binti yake anakwenda kucheza sataranji, picha inayomjia ni ya vijiweni. Wengine watauliza waziwazi kama mchezo huu ni halali, maana wanazuoni wameujadili kwa karne nyingi na rai zao zinatofautiana. Usibishane fikihi usiyoijua. Waeleze unachokisimamia wewe: hakuna dau la aina yoyote, hakuna hata soda ya kushindania, mazoezi husimama kwa ajili ya swala, na msichana anafika nyumbani kabla ya magharibi. Kisha mwalike mwalimu wa madrasa aje aone kipindi kimoja. Akiridhika yeye, wazazi kumi wameridhika.

Mkutano wa wazazi uwe shuleni, siku ya kawaida, na uwaite mama na baba wote wawili. Ruhusa ya mama peke yake mara nyingi huvunjika usiku wa kuamkia safari. Fomu ya ruhusa iwe ya Kiswahili, ukurasa mmoja, yenye tarehe za kuondoka na kurudi, namba za simu za watu wazima wawili wanaosafiri, maradhi au dawa za mtoto, kadi ya bima kama ipo, na mstari wa saini. Ichukue wiki sita kabla ya safari. Anayesita utamjua mapema, na wa akiba atajiandaa.

Ratiba ya mazoezi ipangwe kwa kufuata siku ya msichana ilivyo. Siku za kazi jioni ana madrasa au kazi za nyumbani, Ijumaa haifai, Jumapili asubuhi wengine wako kanisani, na Jumamosi asubuhi madrasa nyingi zinasoma. Inabaki Jumamosi saa 8:00 mchana hadi saa 11:00 jioni, na mapumziko ya swala ya alasiri katikati. Wa Pongwe au Mikanjuni akitoka saa 11:00 anafika kwao kukiwa na mwanga. Ongeza kipindi kimoja cha dakika 45 shuleni katikati ya wiki, wakati wa michezo. Kama klabu ni ya wavulana na wasichana, tenga mbao za wasichana, au siku yao. Wasipotengewa, wavulana hukaa kwenye mbao zote na wasichana huishia kutazama, na mwezi wa pili hawaji tena.

Vifaa, na vipimo vyake

Kete za mashindano zina mfalme wa urefu wa sentimita 9.5 hivi, na mraba wa ubao ni sentimita 5 hadi 6. Kipimo cha haraka dukani: askari wanne waingie kwa kubanana kwenye mraba mmoja. Wakizidi nafasi, mkono utaangusha kete kila dakika. Wakipwaya, ubao ni mkubwa mno kwa kete hizo. Chagua plastiki yenye uzito ndani. Kete nyepesi hazifai pwani: kaskazi ikivuma kwenye ukumbi uliofunguliwa madirisha, farasi wanalala wenyewe.

Mbao huna haja ya kuziagiza. Wachapishaji wa mabango mjini hutumia turubai la plastiki. Mita moja ya mraba inatoa mbao nne za sentimita 50 kwa 50. Weka miraba ya sentimita 5.5, ambayo mara nane ni 44, na pambizo la sentimita 3 kila upande kwa herufi a hadi h na namba 1 hadi 8. Mbao 12 ni mita tatu za mraba. Chagua rangi ya kijani au kahawia na krimu. Nyeusi tupu na nyeupe tupu huumiza macho na humeza kete. Kabla mashine haijawashwa, hakikisha mraba wa a1 ni wa giza, yaani kila mchezaji akikaa, pembe ya mkono wake wa kulia ina mraba mweupe. Mafundi wengi hugeuza picha bila kujua, na mbao 12 zikishachapwa hivyo, malkia wote watakaa upande usio wao.

Saa za sataranji nunua au azima walau nusu ya idadi ya mbao. Programu ya saa kwenye simu inafaa mazoezini, siku ya mashindano haifai, kwa kuwa simu zinatakiwa ziwe mbali na meza. Weka malkia mmoja wa ziada kwa kila rangi kwenye kila mfuko, na betri za akiba. Kete ni 32, na malkia wawili wa ziada ni 34: zihesabiwe kabla mfuko haujafungwa, na kila ubao uwe na msichana anayewajibika nao. Kizibo cha soda kinaweza kuziba pengo la askari aliyepotea kwa wiki moja. Kikikaa mwezi, kete nyingine nazo zitaanza kupotea, maana kila mtu ameshaona kwamba hakuna anayehesabu.

Majina ya kete

Neno sataranji limefika pwani kwa njia ya Kiarabu, nacho kililipata huko Uajemi na India, kwa hiyo si mchezo mgeni kwa lugha hii. Hata hivyo kila shule ina majina yake: huyu anasema askari, yule kitunda, mwingine soja. Kubalianeni majina ya mkoa mapema. Hapa tunatumia mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari, na cheki (mfalme kutishwa) na chekimeti (mfalme kutishwa bila pa kuponea) kama watoto wanavyosema wenyewe. Katika kuandika hatua tumieni herufi za kimataifa: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, na askari hana herufi. N kwa farasi huwachanganya kwa wiki mbili tu. Msifundishe herufi za Kiswahili, kwa sababu mwamuzi wa kutoka nje ya mkoa hatazisoma.

Wiki kumi na mbili za mazoezi

Kipindi cha saa tatu kigawanywe hivi: nusu saa mafumbo ubaoni, dakika 40 somo moja, halafu mechi mbili za saa, na mwisho kila mmoja aeleze kosa lake moja. Somo la saa nzima na zaidi halibaki kichwani.

Wiki tatu za mwanzo fundisha kumaliza. Chekimeti ya ngome mbili zinazopanda kama ngazi, ya mfalme na malkia, kisha ya mfalme na ngome. Sababu ni kwamba makosa ghali zaidi kwa wanaoanza yako hapa: msichana ana malkia, mwenzake ana mfalme peke yake, naye anamkosesha mraba wa kwenda bila kumpa cheki. Hiyo ni sare ya kukwama, na nusu pointi imekwenda na maji. Mpe kanuni ya kuikwepa: malkia asimkaribie mfalme pekee kuliko umbali wa hatua ya farasi mpaka mfalme huyo afike ukingoni, na akifika ukingoni malkia atulie, mfalme wako ndiye asogee. Kila msichana aweze kumaliza kwa malkia ndani ya hatua 15, na kwa ngome ndani ya 25, mbele ya wenzake.

Wiki ya nne hadi ya saba ni za kula na kutoliwa bure. Mechi za ngazi ya shule haziamuliwi na mipango mirefu. Huamuliwa na kete iliyoachwa bila mlinzi. Zoesha maswali matatu kabla ya mkono kutoka mapajani: hatua yake inanitisha nini, kete ipi yangu haina mlinzi, na je, kuna cheki au kete ya kula? Baada ya hapo farasi anayeshika mbili kwa mpigo, askofu anayembana farasi mbele ya mfalme, na ngome kwenye safu iliyo wazi. Mafumbo ishirini mepesi kwa wiki yanatosha, mradi yarudiwe. Fumbo likirudi baada ya siku kumi ndipo linakaa.

Ufunguzi mmoja kwa weupe unatosha: e4, kisha farasi f3, askofu c4, na kaslingi, yaani mfalme na ngome kuhama kwa hatua moja, kabla ya hatua ya kumi. Kwa weusi, e4 ijibiwe kwa e5 na d4 ijibiwe kwa d5. Muda uliobaki upeleke kwenye mtego ambao utakutana nao kila wilaya: malkia kwenda h5 na askofu c4 wakilenga f7. Jibu lake likaririwe: baada ya e4 e5, malkia h5, weusi wacheze farasi c6, askofu c4, weusi g6, malkia akirudi f3 kutishia tena, weusi farasi f6. Malkia wa weupe ametembea bure, weusi wana farasi wawili nje. Anayeogopa mtego huu na kukimbilia g6 mapema kabla ya farasi c6 hupoteza ngome ya h8, kwa kuwa malkia hula askari wa e5 kwa cheki.

Wiki ya nane na ya tisa ni mfalme na askari: mfalme atangulie mbele ya askari wake, na wafalme wawili wakitazamana kwa mraba mmoja katikati, anayelazimika kuhama ndiye aliyepungukiwa. Tatu za mwisho ni mechi nzima zenye saa, kuandika hatua na mwamuzi.

Kanuni zifundishwe kwa kuigiza. Aliyegusa kete yake kwa makusudi lazima aisogeze. Akitaka kuiweka sawa aseme kwanza. Kwenye kaslingi mfalme ndiye hushikwa wa kwanza, maana anayegusa ngome kwanza hawezi tena kufanya kaslingi upande huo kwa zamu hiyo. Askari akifika mwisho wa ubao na kugeuka malkia, mchezaji asimamishe saa na amwombe mwamuzi malkia huyo. Akigeuza ngome juu chini akaiita malkia, kanuni inaihesabu ni ngome. Hatua isiyo halali mara ya kwanza humwongezea mpinzani dakika mbili, mara ya pili ni kushindwa.

Zoezi moja linahitaji subira zaidi ya mengine: kunyoosha mkono. Wasichana wengi wamelelewa kutobishana na mkubwa, na mwamuzi au mwalimu wa upande wa pili ni mkubwa. Mpinzani anagusa kete, anaiacha, anacheza nyingine, na msichana wetu ananyamaza. Haki ya kudai kosa hilo huisha pale naye anapogusa kete. Kwa hiyo kila Jumamosi, mechi mbili ziwe na kosa lililopangwa, na msichana lazima asimamishe saa, anyooshe mkono na kusema kwa sentensi moja kilichotokea. Shikamoo itangulie, haipunguzi dai.

Mchujo wa mkoa

Kila halmashauri ilete wasichana wawili: jumla 22, mbao 11. Usiuweke mchujo Jijini kwa mazoea. Korogwe iko katikati: Lushoto na Bumbuli wanashuka kwa Mombo, Handeni na Kilindi wana njia yao, Jiji, Muheza, Mkinga na Pangani wanapitia Segera. Pia kuna shule za bweni za wasichana ambazo mabweni yake huwa wazi likizo, na ukumbi wa chakula unaotosha mbao zote.

Siku mbili za kwanza tumia mfumo wa Uswisi, raundi sita, dakika 25 kila mchezaji na nyongeza ya sekunde 10 kwa hatua. Mechi ya hatua 60 kwa muda huo inachukua hadi dakika 70, kwa hiyo raundi zianze kwa kuachana saa moja na dakika 45: saa 3:00 asubuhi, saa 4:45, na ya tatu saa 8:00 mchana baada ya chakula na swala. Raundi ya kwanza, wapange kwa nguvu au kwa kura, kisha nusu ya juu icheze na nusu ya chini: wa 1 na wa 12, wa 2 na wa 13, hivyo hadi wa 11 na wa 22. Baadaye wenye pointi sawa hukutana, hakuna wawili wanaokutana mara mbili, na rangi zibadilishane. Mtu asipate rangi moja mara tatu mfululizo. Idadi ikiwa witiri, mmoja hupumzika kwa pointi moja, na hapumziki mara ya pili.

Raundi tano zingetosha kumpata mshindi kati ya watu 22. Wewe humtafuti mshindi. Unatafuta nane bora, na mfumo huu ni dhaifu hasa kwenye nafasi za kati. Ndiyo maana nane hao wasirudi nyumbani Jumapili. Nauli imeshalipwa. Wabaki siku tatu zaidi, wacheze ligi ya kila mmoja na kila mmoja: raundi 7, mechi 28, mbao nne tu, dakika 45 na nyongeza ya sekunde 15, na kila hatua iandikwe. Raundi mbili siku ya kwanza, tatu ya pili, mbili ya tatu. Wa kwanza kutajwa anacheza weupe:

Raundi 1: 1–8, 2–7, 3–6, 4–5
Raundi 2: 8–5, 6–4, 7–3, 1–2
Raundi 3: 2–8, 3–1, 4–7, 5–6
Raundi 4: 8–6, 7–5, 1–4, 2–3
Raundi 5: 3–8, 4–2, 5–1, 6–7
Raundi 6: 8–7, 1–6, 2–5, 3–4
Raundi 7: 4–8, 5–3, 6–2, 7–1

Wawili wa halmashauri moja wapewe namba zitakazowakutanisha raundi ya kwanza, kama 1 na 8 au 2 na 7. Wakikutana ya saba, mmoja akiwa anahitaji pointi na mwenzake hana cha kupoteza, hata wakicheza kwa haki hakuna atakayeamini.

Kigezo cha kutenganisha wenye pointi sawa kibandikwe ukutani kabla ya raundi ya kwanza. Kwenye Uswisi, jumla ya pointi za wapinzani wote aliokutana nao. Kwenye ligi, kwanza mechi yao wenyewe. Ikiwa sare, jumla ya pointi za aliowashinda na nusu ya pointi za aliotoka nao sare. Watano wa kwanza ndio timu. Wako makocha wanaopenda kujiachia nafasi ya tano waijaze kwa busara yao, na kila mwaka ugomvi huanzia kwenye nafasi hiyo. Iache iamuliwe na pointi. Wa sita naye aendelee na mazoezi akiwa na fomu na cheti tayari, kwa sababu kati ya watano mmoja huugua, huhamishwa shule au huzuiwa nyumbani.

Safari na siku ya mechi

Watu wazima wawili, mmoja lazima mwanamke, na usiku mwanamke huyo alale kwenye bweni lile lile. Hakuna bodaboda baada ya giza. Kwenye begi la mlezi: taulo za kike, dawa za maumivu, maji ya kunywa, nakala za fomu zote na vyeti, kalamu kumi. Wa pwani wakienda Lushoto mwezi Juni au Julai wabebe sweta nzito. Vidole vilivyoganda haviandiki hatua. Asubuhi ya mechi chai na maandazi au mihogo ya kuchemsha vinatosha, wali na nyama viwe baada ya raundi.

Mpangilio wa mbao ufuate nguvu, ubao wa 1 ukiwa wa mwenye nguvu zaidi, na ukishawasilishwa haubadilishwi. Kosa linaloigharimu timu ngeni ni hili: wa ubao wa 2 anapumzika, na nahodha anamweka wa akiba mahali pake. Sivyo. Wa 3 anapanda kwenye ubao wa 2, wa 4 anapanda wa 3, na wa akiba anakaa wa 4. Mkiikosea, wapinzani wanaweza kudai ushindi wa mezani. Timu iliyotajwa kwanza hupata weupe kwenye ubao wa 1 na wa 3, weusi kwenye wa 2 na wa 4. Pointi mbili na nusu kati ya nne zinashinda mechi, na mechi huipa timu pointi 2, sare 1.

Fikeni dakika 45 kabla. Simu zote, za wachezaji na za nahodha, zikae kwa mlezi nje ya ukumbi zikiwa zimezimwa. Soma kanuni za mashindano hayo kujua muda wa kuchelewa unaovumiliwa. Mahali pengine ni dakika chache, mahali pengine hakuna hata moja. Nahodha, kanuni zikimruhusu, anaweza kumwambia mchezaji akubali au aombe sare kwa kuangalia hali ya mechi nzima. Hasemi lolote kuhusu kete zilizoko ubaoni, wala hasimami nyuma ya wapinzani akitikisa kichwa.

Mchezaji akimaliza, wote wawili watie saini karatasi ya matokeo, karatasi ya hatua aipeleke kwa nahodha, kisha atoke nje ya ukumbi. Jioni hiyo hiyo, baada ya chakula, karatasi nne zipitiwe kwa dakika kumi kila moja, kuanzia ya aliyeshinda.